Tathmini ya Barbervax, chanjo inayomngoja mnyoo kwenye mlo wake

Watu wengi wakisikia neno chanjo hufikiria surua, polio au pepopunda, na wakisikia neno minyoo hufikiria kidonge. Maneno hayo mawili hayajazoea kukaa pamoja, na ndiyo maana chupa ya Barbervax inastahili tathmini ndefu kuliko bidhaa nyingi za mifugo. Ni chanjo ya kondoo dhidi ya mnyoo mmoja tu, Haemonchus contortus, na iliingia sokoni nchini Australia mwezi Oktoba 2014 baada ya miaka mingi ya kazi ya Taasisi ya Utafiti ya Moredun iliyoko Uskoti, ikishirikiana na idara ya kilimo ya jimbo la Australia Magharibi. Nchini Afrika Kusini chanjo hiyohiyo inauzwa kwa jina la Wirevax. Kabla yake hapakuwa na chanjo yoyote sokoni iliyotengenezwa kwa protini zilizochambuliwa kutoka kwa mnyoo wa mviringo anayeishi tumboni, iwe ya mnyama au ya binadamu.

Kazi yangu ni ya maabara: ninapima vinyesi vya mifugo, ninahesabu mayai ya minyoo, kisha ninamweleza mwenye mifugo afanye nini. Siuzi dawa wala chanjo. Tathmini hii ninaiandika nikiwa upande wa mtu atakayeshika sindano na atakayelaumiwa kondoo wakifa, kwa sababu bidhaa kama hii haipimwi kwa uzuri wa sayansi yake peke yake bali pia kwa siku za kazi inazomdai mtumiaji.

Kwanza tumtazame adui mwenyewe. Anayefungua tumbo la nne la kondoo aliyeuawa na mnyoo huyu hahitaji hadubini. Ukuta wa tumbo umejaa vidoa vya damu, maji yaliyomo ndani yana rangi ya kahawia, na juu ya ukuta huo wametapakaa minyoo wembamba kama uzi wa kushonea, wengine wakijinyonganyonga bado ikiwa mzoga una joto. Ukimwokota jike mmoja na kumlaza juu ya sahani nyeupe, utaona mistari miwili iliyosokotana kutoka kichwani hadi mkiani: mwekundu ni utumbo uliojaa damu, na mweupe ni mirija ya mayai iliyouzunguka utumbo huo. Msokoto huo wa rangi mbili uliwakumbusha Wazungu nguzo yenye milia inayosimikwa mbele ya vinyozi wao, na jina la biashara la chanjo limetokana na hapo.

Jike huyo ana urefu wa sentimita mbili hadi tatu, hutaga mayai kati ya 5,000 na 10,000 kwa siku, na kila mnyoo humgharimu kondoo takriban mililita 0.05 za damu kila siku. Kiasi hicho kinaonekana kama si kitu mpaka ukizidisha. Kondoo mwenye minyoo 5,000, idadi ambayo si ya ajabu msimu wa mvua na joto, anapoteza robo lita ya damu kwa siku. Kope zake za ndani hugeuka kutoka wekundu hadi weupe wa karatasi, uvimbe laini hutokea chini ya taya, hubaki nyuma kundi linapotembea, na mara nyingi hufa bila kuhara hata siku moja, jambo linalowapotosha wengi wanaoamini kwamba minyoo lazima iambatane na kuhara.

Kwa miongo mingi jibu lilikuwa dawa ya kunywesha, na lilikuwa jibu zuri. Thiabendazole ilipotoka mwaka 1961 ilionekana kama mwisho wa habari, lakini kufikia mwaka 1964 tayari taarifa za usugu wa mnyoo huyu dhidi yake zilikuwa zimechapishwa. Dawa zilizofuata zilipita njia hiyohiyo, kila moja kwa kasi yake. Mnyoo anayetaga maelfu ya mayai kwa siku ana nafasi nyingi mno za kuzaa mtoto anayestahimili sumu, na mfugaji anayenywesha kundi zima kila mwezi anamsaidia kuwachagua watoto hao. Kadi ya FAMACHA, ile yenye rangi tano za kulinganishia kope za kondoo, iliyobuniwa Afrika Kusini, ilikuja ili dawa wapewe wanaoihitaji tu, na inafaa sana, ila inamtambua mnyama akiwa amekwisha kuanza kupauka. Pengo linalobaki ni la kumkinga kondoo kabla damu haijapungua, na hapo ndipo chanjo inapopaswa kuonyesha thamani yake.

Barbervax inafanya kazi kwa hila ambayo sijawahi kuchoka kuieleza. Ndani ya utumbo wa mnyoo, kwenye ukuta unaogusana na damu aliyoinywa, kuna vimeng'enya vya kumeng'enya chakula. Watafiti walichagua makundi mawili ya protini hizo, H11 na H-gal-GP, wakazichanganya na saponini, dutu inayoamsha mfumo wa kinga, wakamchoma kondoo. Kondoo hutengeneza kingamwili dhidi ya protini ambazo katika maisha ya kawaida asingezikuta kamwe, kwa kuwa zimo ndani ya tumbo la mnyoo na si juu ya ngozi yake. Mnyoo anapokuja kunyonya, anakunywa kingamwili hizo pamoja na damu. Zinang'ang'ania vimeng'enya vyake, chakula hakimeng'enywi, jike anaacha kutaga, anadhoofika, na hatimaye wengi wao hung'oka na kutoka. Kwa maneno mengine, kondoo hamfukuzi mnyoo mlangoni; anamkaribisha mezani na kumpakulia chakula asichoweza kukila.

Uzuri wa hila hiyo ndio huohuo unaozaa udhaifu wake mkubwa. Kwa kuwa protini hizo zimefichika, maambukizi ya kawaida hayaukumbushi mwili wa kondoo chochote. Chanjo nyingi tulizozizoea hupata msaada wa bure kila mnyama anapokutana na kijidudu chenyewe, lakini hapa ukumbusho pekee ni sindano. Kingamwili zikishuka, hakuna kitakachozipandisha isipokuwa mtu mwenye bomba la sindano.

Ratiba yake, kwa hiyo, ndiyo jambo la kwanza ambalo mnunuzi anapaswa kuliangalia kabla hata hajauliza kitu kingine. Mwanakondoo hupewa dozi tatu za kujenga kinga, zikipishana kwa wiki tatu hadi nne, na baada ya hapo dozi ya kuendeleza kila baada ya wiki sita kwa muda wote ambao hatari ya mnyoo inaendelea. Kila dozi ni mililita moja chini ya ngozi. Dozi mbili za mwanzo hazitoi kinga ya kutegemewa. Ni ya tatu inayofungua mlango, na mfugaji anayedhani kondoo wake wamekingika tangu siku ya kwanza anaweza kuwapoteza kabla chanjo haijaanza kazi. Kama minyoo wapo tayari tumboni kwa wingi, dawa inayofanya kazi bado inahitajika katika kipindi hicho cha kusubiri. Chanjo hii haitibu, na haikutengenezwa ili itibu.

Wiki sita ni muda mfupi. Ninalisema hili bila kulipaka mafuta, kwa sababu ndiyo kasoro inayowafanya wengi waikatae bidhaa nzuri au, kibaya zaidi, waianze na kuiachia njiani. Kuwakusanya kondoo, kuwapitisha kwenye ujia mmoja mmoja, kuwachoma, kuwaachia, na kurudia hivyo mara tano au zaidi katika msimu mmoja ni kazi ya watu na siku. Aliye na kondoo mia walio karibu ataweza. Aliye na maelfu waliotawanyika kwenye malisho makubwa atalazimika kupima kama gharama ya kukusanya haijazidi hasara ya mnyoo. Nisingemlaumu akiamua kuichanja sehemu tu ya kundi, yaani wanakondoo walioachishwa kunyonya na majike wanaokaribia kuzaa, ambao ndio wanaotoa mayai mengi zaidi malishoni.

Inatoa nini basi kwa taabu yote hiyo? Majaribio yaliyofanyika kabla ya kuiidhinisha yalionyesha kupungua kwa mayai kwenye kinyesi kwa kiwango cha kati ya asilimia 75 na 95. Anayetoka kwenye ulimwengu wa dawa, ambako tunadai asilimia 95 na zaidi la sivyo tunatangaza usugu, ataiona asilimia 75 kama aibu. Huo ni mzani usiofaa kwa kitu hiki. Dawa hupiga siku moja na kumwacha kondoo wazi kuambukizwa tena, ilhali chanjo hukaa kazini wiki hadi wiki, na faida yake huongezeka kadiri msimu unavyoendelea, kwa sababu mayai machache leo ni viluwiluwi, yaani minyoo wachanga, wachache kwenye nyasi mwezi ujao. Thamani yake kubwa inaonekana malishoni kuliko ndani ya kondoo mmoja mmoja. Ukichanja kondoo kumi kati ya mia na kuwaacha wote walishe pamoja, utakuwa umenunua nusu tu ya bidhaa, maana wale tisini wataendelea kuchafua nyasi za wote.

Hapa nikiri kosa langu mwenyewe, kwa kuwa linaweza kumwokoa mtu mwingine. Nililetewa sampuli za kinyesi za kondoo waliokwisha pata dozi nne. Nilizichanganya na maji ya chumvi iliyokolea, nikajaza kile kioo chenye vyumba viwili vilivyochorwa mistari, nikasubiri mayai yaelee, nikaanza kuhesabu. Yalikuwa mengi: ya duaradufu, ganda jembamba, ndani yake seli zilizokusanyika kama punje za tunda la forosadi. Kila yai moja ninaloliona kwenye kioo hicho huhesabiwa kuwa mayai 50 kwa gramu, na hesabu ilipanda haraka. Niliandika kwenye daftari kwamba chanjo imeshindwa. Lakini mayai ya Haemonchus yanafanana mno na ya jamaa zake wa tumboni, Trichostrongylus na Teladorsagia, kiasi kwamba jicho haliwezi kuyatenganisha kwa uhakika. Nilipokiatamisha kinyesi kile kwa siku kadhaa na kuwatazama viluwiluwi waliototolewa, ambao mikia yao hutofautiana, wengi wao walikuwa Trichostrongylus. Chanjo ilikuwa imefanya kazi yake barabara. Ni mimi niliyekuwa nikihesabu mnyoo ambaye chanjo haikuahidi kumgusa.

Kisa hicho kinagusa upungufu wa pili wa bidhaa hii, yaani kwamba inalenga aina moja tu ya mnyoo. Penye mvua na joto, ambako Haemonchus ndiye muuaji mkuu, huo si upungufu mkubwa. Penye baridi, ambako aina nyingine ndizo zinazotawala na kusababisha kuhara, kuinunua ni kununua kufuli la mlango ambao mwizi hapitii. Kabla ya kuagiza, mtu afanye kwanza uchunguzi wa viluwiluwi kwenye kundi lake ajue ni nani hasa anamla kondoo wake. Ni kazi ya siku chache, na ni ajabu ni wangapi wanairuka.

Kuna jambo la tatu, ambalo halimhusu mtumiaji moja kwa moja lakini linaeleza kwa nini chanjo za namna hii ni chache. Protini za Barbervax hazitengenezwi kiwandani na bakteria au hamira. Zinachujwa kutoka kwa minyoo halisi: kondoo huambukizwa makusudi, huchinjwa minyoo wakishakomaa, tumbo la nne hufunguliwa, minyoo hukusanywa na kusagwa. Njia hiyo inasikika kama ya karne iliyopita, na iliwahi kudhaniwa kwamba haiwezi kulipa kibiashara. Kilichoiokoa ni udogo wa dozi: mikrogramu tano za protini zinatosha, kwa hiyo gramu moja ni dozi 200,000. Majaribio ya kuitengeneza H11 kwa bakteria na kwa seli za wadudu yalitoa protini ambayo haikumkinga kondoo. Hata ilipotengenezwa ndani ya Caenorhabditis elegans, mnyoo mdogo asiye na madhara anayefugwa maabara na ambaye ni jamaa wa mbali wa Haemonchus, kinga haikupatikana. Inaelekea umbo la protini hizo na sukari zilizoshikamana nazo vina siri ambayo haijanakiliwa. Mpaka inakiliwe, bidhaa itaendelea kutegemea machinjio.

Mtu akitaka kuiweka Barbervax kwenye mizani ya haki, aipime na wenzake, ambao si wengi. Mkongwe wao ni chanjo ya minyoo wa mapafu ya ng'ombe, Dictyocaulus viviparus, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Glasgow na kuanza kuuzwa mwaka 1959 kwa jina la Dictol. Siku hizi inaitwa Bovilis Huskvac. Hiyo si protini bali ni viluwiluwi hai 1,000 katika kila dozi, waliopigwa mionzi kiasi cha kuweza kuingia mwilini na kuamsha kinga lakini wasiweze kukomaa. Ndama hunyweshwa mara mbili kwa kupishana wiki nne, na malisho yenyewe humkumbusha mwili baada ya hapo. Kwa kinga na urahisi, Huskvac inaishinda Barbervax waziwazi. Inashindwa kwenye utunzaji, kwa kuwa kiumbe hai kwenye chupa hakingoji mtu, na muda wake wa kukaa kabla ya kuharibika ni mfupi.

Njia hiyohiyo ya mionzi ilijaribiwa kwa minyoo wa safura wa mbwa, na chanjo ikauzwa Marekani kuanzia mwaka 1973. Mwaka 1975 ikaondolewa. Ilimkinga mbwa asiugue, lakini baadhi ya mbwa waliochanjwa waliendelea kuwa na minyoo wachache na kutoa mayai, na daktari wa mifugo akiona yai kwenye kioo alihesabu kwamba ameuziwa kitu kibovu. Bei na uhai mfupi wa viluwiluwi navyo vilichangia. Kwangu mimi ile ilikuwa bidhaa nzuri iliyokufa kwa ahadi iliyoeleweka vibaya, na ninawasifu waliotengeneza Barbervax kwa kusema tangu mwanzo kwamba lengo ni kupunguza mayai na kuzuia vifo, si kumwacha kondoo bila mnyoo hata mmoja.

Kwa upande wa tegu mambo ni tofauti kabisa, na yanatia wivu. Chanjo ya EG95 dhidi ya Echinococcus granulosus, inayotokana na kazi ya watafiti wa Australia na New Zealand, hutengenezwa kwa bakteria na huwakinga kondoo kwa zaidi ya asilimia 95. TSOL18, dada yake wa upande wa nguruwe, ilijaribiwa vijijini nchini Kamerun pamoja na dawa ya oxfendazole. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba nguruwe waliochanjwa hawakukutwa na kifuko hai hata kimoja cha tegu nyamani, wakati karibu mmoja kati ya watano wa wasiochanjwa alikuwa navyo. Sababu ya tofauti hiyo ni kwamba chanjo za tegu hazipambani na mnyoo mzima aliyekwisha kaa tumboni. Zinamvizia kiluwiluwi mdogo mno anapotoka kwenye yai na kupenya mwilini, akiwa hana ngao na akiwa na saa chache tu za kujificha. Mnyoo mzima anayeishi kwa kunyonya ni mpinzani wa daraja jingine, na anayeilinganisha Barbervax na TSOL18 kwa asilimia peke yake anaionea.

Sina budi kugusa binadamu pia, kwa sababu swali hilo huulizwa kila ninapoeleza bidhaa hii: kama kondoo anayo, sisi je? Hakuna chanjo ya minyoo ya binadamu iliyoidhinishwa mpaka sasa. Aliye karibu zaidi na hali ya kondoo ni mgonjwa wa safura, maana Necator americanus naye ni mnyonya damu, takriban mililita 0.03 kwa siku kwa mnyoo mmoja, na mwenzake Ancylostoma duodenale hunyonya mara kadhaa zaidi ya hapo. Chanjo ya kwanza iliyofika kwa watu wanaoishi penye maambukizi, iitwayo Na-ASP-2, ilitumia protini ya kiluwiluwi ambayo mwili wa aliyewahi kuambukizwa unaijua. Wapo waliochomwa nchini Brazili waliofurika vipele vya mzio mwili mzima, kwa sababu damu yao tayari ilikuwa na kingamwili za mzio dhidi ya protini hiyo. Jaribio likasimamishwa na habari yake ikachapishwa mwaka 2012.

Baada ya hapo watafiti waligeukia utumbo wa mnyoo, njia ileile ya Barbervax. Na-APR-1 ni kimeng'enya kinachovunjavunja hemoglobini, na Na-GST-1 humsaidia mnyoo asidhurike na mabaki yenye sumu ya damu aliyoimeng'enya. Zote mbili zimefika kwenye majaribio ya watu. Kwa kuwa binadamu hachinjwi ili avunwe minyoo, protini hizo ni lazima zitengenezwe pengine: moja hutengenezwa kwa hamira na nyingine kwa mmea wa jamii ya tumbaku. Kikwazo kilichoizuia H11 kutengenezwa nje ya mnyoo kinawangoja na wao, na ndiyo maana ninafuatilia matokeo yao kwa shauku kuliko ya kichocho. Upande wa kichocho, Bilhvax ilifika hadi jaribio la watoto nchini Senegali na, kwa mujibu wa taarifa ya mwaka 2018, haikuchelewesha ugonjwa kurudi kuliko sindano ya kulinganishia isiyo na protini hiyo. Chanjo nyingine mbili za kichocho, Sm14 ya taasisi ya utafiti ya Fiocruz ya Brazili na Sm-p80 ya Chuo Kikuu cha Texas Tech cha Marekani, bado zinaendelea kupimwa. Mnyoo wa kichocho huishi miaka ndani ya mshipa wa damu akiwa amejivika vitu vya mwili wa mwenyeji wake, na dawa ya praziquantel inayomwua akiwa mkubwa haimwui akiwa mchanga, kwa hiyo sababu ya kuitafuta chanjo ipo, ila mfano wa kondoo haumfai moja kwa moja.

Nirudi kwenye chupa. Kuna mambo madogo ambayo mtumiaji atayapenda: hakuna muda wa kusubiri kabla ya kuchinja, jambo ambalo dawa nyingi haziwezi kulisema, na mnyoo mwenye usugu dhidi ya kila dawa iliyopo anaathirika sawasawa na asiye na usugu, kwa kuwa wote wawili ni lazima wale. Inatunzwa baridini, kati ya nyuzi 2 na 8, wala isigandishwe, na mahali ambapo umeme hukatika hilo ni sharti zito kuliko linavyoonekana kwenye maandishi. Uidhinishaji wake ni wa kondoo. Mbuzi, ambao mnyoo huyohuyo huwaua bila huruma, wamebaki nje, na kwa nchi zenye mbuzi wengi kuliko kondoo hilo ni pengo kubwa ninalotamani lizibwe kabla ya jingine lolote.

Kwa kinga ninaipa alama nne kati ya tano, na kwa urahisi wa matumizi mbili. Ningemshauri ainunue yule ambaye uchunguzi wa viluwiluwi umemthibitishia kwamba Haemonchus ndiye tatizo, ambaye dawa mbili au zaidi zimekwisha shindwa kundini mwake, na ambaye anaweza kuwakusanya kondoo wake kila wiki ya sita bila kukosa. Anayeweza mambo mawili ya kwanza lakini si la tatu, aendelee na kadi ya kope na kunywesha wachache wanaohitaji, kwa maana kondoo aliyechanjwa mara tatu kisha akaachwa hadi wiki ya kumi yuko malishoni akiwa hana kinga ya kutosha, huku mwenye kondoo akilala usingizi akidhani anayo.